James Hong, mtu wa dakika tano

Kwenye kibanda umiza nilikoangalia mikanda utotoni, sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Wengine wote ni wa kufa, na majina yao hakuna aliyehangaika nayo. "Yule mzee Mchina," tulisema, basi imetosha. Ukubwani ndipo nilipogundua kwamba wazee wawili watatu kati ya hao walikuwa mtu mmoja. Anaitwa James Hong, na hata China hakuzaliwa. Ni mtoto wa Minneapolis, Marekani, wa mwaka 1929.

Hong alisomea uhandisi, akafanya kazi ya barabara katika Kaunti ya Los Angeles. Mwaka 1954 alialikwa kwenye kipindi cha mchekeshaji Groucho Marx, akaiga sauti za watu maarufu, watazamaji wakampenda. Barabara zikaanza kumpoteza.

Mwaka 1957 akaingia kwenye The New Adventures of Charlie Chan, tamthilia ya televisheni kuhusu mpelelezi wa Kichina. Mpelelezi mwenyewe aliigizwa na nani? J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Hong akapewa kuwa mtoto wake. Yaani mwenye sura akawa mwana, aliyepakwa vipodozi akawa baba! Mwaka 1972 ikaja Kung Fu, ambayo mhusika wake mkuu ni chotara wa Kichina. Nafasi hiyo akapewa David Carradine, mzungu. Hong naye alitokea humo mara kadhaa, kila mara mtu mwingine.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kazi zake zimepita 600, sinema, televisheni na sauti kwa pamoja, sishangilii haraka. Wingi huo umetokana pia na mlango uliofungwa. Asiyepewa shamba huishi kwa vibarua.

Wapo wanaomlaumu kwa kukubali nafasi za mtumishi na mzee mwovu mwenye uchawi. Lawama hiyo siidharau, maana nasi tumemwona sana Mwafrika wa Hollywood akibeba mizigo ya watu. Ila mwaka 1965 Hong, Mako na wenzao walianzisha East West Players, kikundi cha maigizo cha Los Angeles, ili waigizaji wenye asili ya Asia wapate kucheza nafasi yoyote. Kipo mpaka leo. Huyu alikuwa anafanya kibarua huku anajenga kwake.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Tazama Seinfeld, kipindi cha mwaka 1991 ambacho muda wote watu wanasubiri meza kwenye mgahawa wa Kichina. Hong ndiye mgawa meza. Wakimwuliza, jibu ni dakika tano, kumi. Hachekeshi, hakasiriki, anapekua tu daftari lake kama karani wa ofisi yoyote uliyowahi kupanga foleni. Wenzake watatu wanaopandwa na jazba ndio wenye tamthilia, lakini ukimwondoa yeye, hakuna wa kuwapandisha jazba.

Nyota yake ya barabarani Hollywood aliipata mwaka 2022, akiwa na miaka 93. Haikuja yenyewe. Mwigizaji Daniel Dae Kim alianzisha mchango, watu wakachanga, kama tunavyochangia harusi. Mwaka uliofuata, waigizaji wa Everything Everywhere All at Once walipopewa tuzo na chama chao, Hong alisimama jukwaani akawakumbusha enzi za wazungu waliobandikwa macho ili waigize Wachina. Ukumbi ukacheka. Nadhani yeye alikuwa anasoma hesabu ya deni.

Kule kibandani, adui akishakufa mkanda ulizimwa na sisi tukafukuzwa nje, majina hatukuyaona. Siku hizi nasubiri yapite yote, hadi la mwisho.