Maisha ya Chomboni katika Ziwa Nyasa, Mwambao wa Ruvuma

Desturi ya mtu kuhamia chomboni yeye na ahali yake, mkewe akapika majini na watoto wakasoma vitabu vyao sitahani, kama wafanyavyo baadhi ya Wazungu wazungukao dunia kwa tanga, haikupata kuota mizizi katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, nchi ya Wanyasa, Wampoto na Wamanda iliyo chini ya milima ya Mbinga. Sababu mojawapo ni maumbile: maji ya ziwa hutoka kwa mto Shire, na mto huo una maporomoko yakatayo njia kabla haujafika Zambezi, hata meli zote kubwa za zamani zililetwa vipande vipande na kuungwa upya ufukweni. Ama waliofanya chombo kuwa nyumba yao hapa walikuwa watu wasio na wake, na wenye wake na watoto walikaa nchi kavu.

Ziwa na pepo zake

Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 560 na kina cha mita 700 hivi. Upepo wa mwera, uvumao kutoka kusini-mashariki hasa kati ya Mei na Agosti, hupita uwanja mrefu usio na kizuizi na kuinua mawimbi ambayo baharia mzoefu huyaheshimu. Liuli na Mbamba Bay ndizo bandari zenye kinga nzuri.

Vyombo vya tanga

Katika karne ya 19 majahazi ya Waarabu na Waswahili wa Nkhotakota yalivusha pembe na watumwa kuja upande wa mashariki, ili msafara uendelee hadi Kilwa. Wengi wa waliovushwa walikuwa wametengwa na jamaa zao kwa nguvu, na historia ya tanga katika ziwa hili haiwezi kuandikwa kwa haki bila kuwataja.

Stima za misheni

Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kwa herufi UMCA, iliweka makao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na mwaka huo huo ikashusha majini stima ndogo Charles Janson, iliyopewa jina la padre aliyefia ziwani mwaka 1882. Mwenye kuifanya makao alikuwa Padre William Percival Johnson, mzaliwa wa mwaka 1854, aliyekuja Afrika mwaka 1876. Ingawa macho yake yalikaribia kupofuka, kwa miaka mingi alizunguka kijiji baada ya kijiji, akilala na kufundisha humo humo chomboni, akishuka kuhubiri na kurudi kulala juu ya maji, mtu mwenye subira adimu ambaye wazee wa Liuli walimtaja kwa mapenzi ya kweli. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928 na kuzikwa huko, naye ameacha kitabu juu ya ziwa, kilichotolewa mwaka 1922.

Kanuni ya misheni ilikuwa watumishi wake wa Ulaya wasioe wakiwa kazini. Kwa hiyo nyumba ile ieleayo majini ilikuwa na wanafunzi, mabaharia na wagonjwa, lakini haikuwa na mama wala mtoto wa mwenye nyumba. Askofu wa misheni hiyo, Chauncy Maples, alizama mwezi Septemba 1895, mashua yake ya tanga ilipopinduka usiku alipokuwa akirudi Likoma. Jina lake lilipewa stima kubwa zaidi, iliyojengwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1901 baada ya mamia ya watu kuburuta bwela lake la tani 11 nchi kavu. Ilikuwa chuo na hospitali kwa pamoja, ikachukuliwa na serikali katika Vita Kuu ya Kwanza, na misheni ikaiuza mwaka 1953.

Liuli yenyewe, iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa ajili ya jabali lake, ndipo meli ya Kiingereza Guendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann tarehe 13 Agosti 1914.

Jamaa na mtumbwi

Kwa wenyeji chombo ni njia, si nyumba. Mtumbwi wa gogo moja, wenye mdomo mwembamba kiasi kwamba mpiga kafi huketi juu yake, huchukua mvuvi kwenda kutafuta dagaa usiku, naye arudipo alfajiri mkewe humpokea ufukweni na kazi ya kuanika ikaanza. Zamani palipokosekana gati meli ilitia nanga mbali kidogo, na mama akashuka mtumbwini, mtoto mgongoni, kuku mkononi, huku mtumbwi ukipanda na kushuka ubavuni mwa chuma. Mwenye mkono imara alimpokea mtoto kwanza, ndipo mama akashika ngazi.



Hali ya sasa

Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na makao yake ni Mbamba Bay, ambako sasa barabara ya lami kutoka Mbinga hufika. Meli ya MV Mbeya II huchukua abiria na shehena katika ziwa. Mitumbwi ingali ikitumika.