Mutoto anakaa lini, anatembea lini?

Wa jirani ametembea na miezi 10. Wako ana 13, bado anashika ukuta. Hapa Kasongo na Kabambare maneno yanaanza palepale. Kumbe Shirika la Afya Duniani (OMS) lilifuata watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza: kukaa bila kushikwa, kati ya miezi 4 na 9, kutembea peke yake, kati ya 8 na 17 na nusu. Wengine hawatambai hata kidogo, wanasimama tu.

Nguvu inashuka toka juu: shingo, mugongo, kiuno, miguu. Mazoezi nayo yanasaidia. Kule Kenya, mama wa Kikipsigis wanafundisha watoto kukaa na kutembea. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alionyesha kwamba wanawahi kuliko wa Marekani. Kwa hiyo umutoe mutoto katika kitenge, umulaze kwa tumbo juu ya mukeka, ukiwa karibu.

Lakini kama miezi 9 imepita hajakaa, ao 18 hajatembea, mwambie muganga siku ya kupima kilo. Kama ameacha kitu alichokuwa anaweza, usingoje siku hiyo.