Wakenya Wawili Katika Pito la Sestriere



Sisi wa Kigera tunaishi kando ya Ziwa Viktoria, na baiskeli kwetu ni chombo cha kazi: hubeba dagaa, madumu ya maji, na mara nyingine hata mgonjwa. Theluji tunaisikia tu katika habari za Kilimanjaro. Hata hivyo, juma hili tunawaalika mtazame pito moja la milima ya Alpi, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwa kuwa watu wa ukanda wetu nao wana sehemu katika historia yake.

Pito hilo huitwa Sestriere. Barabara hupanda kutoka bonde la Chisone, hufika kimo cha mita 2,035, kisha huteremka kuelekea bonde la Susa. Waendesha baiskeli wanaliheshimu tangu zamani. Tarehe 10 Juni 1949, katika mashindano ya Giro d'Italia, Fausto Coppi alivuka mapito matano, Sestriere likiwa la mwisho, akiwa peke yake kwa kilomita 192. Alimwacha Gino Bartali kwa karibu dakika 12. Bartali huyo, Mkatoliki mwenye ibada, alitambuliwa mwaka 2013 na taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu kwa kuwasaidia Wayahudi wakati wa vita. Heshima ambayo, kwa maoni yetu, yapita taji lolote la mbio.

Mei 25, 2018, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipita hapo. Utotoni alifundishwa baiskeli na David Kinjah, Mkenya wa Kikuyu. Siku hiyo alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika tatu. Zikiwa zimebaki kilomita 80, akawatoroka wenzake katika barabara ya changarawe ya pito la Finestre, akateremka bonde la Chisone, akapanda Sestriere peke yake, na siku mbili baadaye akatawazwa mshindi wa Giro mjini Roma. Tuhuma ya dawa iliyokuwa ikimwandama ilifungwa Julai mwaka huo bila adhabu. Lakini alishindana kwa bendera ya Uingereza; ile ya Kenya alikuwa ameiacha mwaka 2008.

Katika mpando huohuo, chini kidogo ya Sestriere, kipo kijiji cha Pragelato. Huko, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Torino mwaka 2006, yalifanyika mashindano ya kuteleza juu ya theluji kwa masafa marefu. Msidhani ni mchezo wa kushuka tu: mtu hufunga mbao ndefu miguuni, hushika fimbo mbili, na hupanda na kushuka kwa nguvu zake mwenyewe kwa kilomita nyingi. Aliyekuwapo kwa bendera ya Kenya, peke yake, alikuwa Philip Boit.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka nyanda za Eldoret. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Ufini ajifunze mchezo ambao hakuwa ameuona. Miaka miwili baadaye, huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10 akawa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Wapo waliosema kwamba ulikuwa mchezo wa matangazo ya biashara, na hawakukosea kabisa. Ila tangazo la biashara halimsukumi mtu apande tena Salt Lake City mwaka 2002, wala Pragelato mwaka 2006, ambapo hakuwa na tumaini lolote la medali.

Siku ile ya Nagano waandaaji walitaka kutoa medali. Dæhlie akakataa kuondoka penye mstari wa mwisho mpaka Mkenya afike, kisha akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume, alimpa jina la Dæhlie.