Dhahabu ya Karatasi

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Goldenberg ilidai inauza dhahabu na almasi nje. Almasi? Kenya hii? Inachimbwa mtaa gani? Sheria iliruhusu serikali kuwalipa wauzaji wa nje fidia ya asilimia 20. Hao wakapewa 35. Wa kukagua walikuwepo, mihuri ikagongwa tu.

David Munyakei, karani wa Benki Kuu, ndiye alishtuka akatoa siri. Akakamatwa, akafutwa kazi. Alikufa 2006, maskini. Na wakubwa? Hakuna aliyefungwa.

So ukiambiwa "sheria zipo", uliza tu: anayepiga nduru analindwa na nani?