Lubaga, Hekalu Lililopandwa

Anayetoka Bujonde kutafuta magofu ya kale hatayaona kwenye uwanda wa Kyela. Ardhi yenyewe ni tope la mpunga, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba za mababu zilikuwa za mianzi na udongo. Miji ya Kilwa na Gedi kule pwani ilijengwa kwa matumbawe, ndiyo maana kuta zake zingalipo. Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, hekalu lao walilipanda.

Hekalu hilo ni msitu wa Lubaga, juu katika vilima vya Selya. Wazee husimulia kuwa Lwembe na Kyungu walikuwa ndugu, wakashuka pamoja kutoka Ukinga, kwenye milima ya Livingstone. Lwembe akakaa Lubaga. Kyungu akavuka mto Songwe, akafanya makao juu ya kilima cha Mbande upande wa Karonga, akawa mkuu wa Wangonde. Uwanda wa Kyela, na Bujonde ndani yake, ukabaki katikati ya ndugu hao wawili. Tambiko la kuomba mvua na rutuba lilipanda Lubaga kutoka pande zote, hata kwa Wangonde.

Mbande imeacha vigae. Mwanaakiolojia Keith Robinson aliyafukua makao hayo na kuchapisha taarifa yake mwaka 1966, kisha Owen Kalinga akaandika historia ya ufalme wa Wangonde, iliyotoka mwaka 1985. Lubaga haikuacha kitu cha kufukuliwa kwa wingi namna hiyo. Tunayoyajua tunayajua kwa vinywa vya wazee, na wengi wao walisikilizwa na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Monica aliyaweka katika kitabu cha mwaka 1959.

Masimulizi hayo ni mazito. Lwembe, jina lililokuwa cheo cha kila mrithi wake, hakuwa mtawala wa vita wala wa kodi. Mwili wake ndio uliobeba rutuba ya nchi, kwa hiyo hakuachwa afe kwa ugonjwa kama watu wengine. Alipodhoofika, wazee walimziba pumzi, na kabla uhai haujamtoka walimkata nywele na kucha, wakazifukia kwenye matope ili rutuba isiondoke naye. Ndiyo maana cheo hicho kiliogopwa kuliko kutamaniwa. Warithi walikikimbia, ikabidi watu wakamatwe ili wakae kwenye kiti kilichokuwa pia hukumu yao. Ukisimama chini ya miti ya namna ile, ni vema kukumbuka kuwa utakatifu wake ulilipiwa na watu waliokuwa na majina, wake na watoto.

Miti ilikuwa kumbukumbu hata nje ya Lubaga. Malafyale mpya, yaani mkuu, alipotawazwa katika sherehe ya ubusoka, mti ulipandwa. Alipokufa, kaburi lake likaotewa na kichaka ambacho hapana mtu aliyethubutu kukikata kuni. Vijiji vilihamahama, kwa kuwa kila rika la vijana lilijijengea kijiji chake, lakini kichaka hakikuhama. Kwa hiyo anayetaka kujua nani alitawala wapi huuliza kwanza habari za miti, ndipo aulize habari za nyumba.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya Songwe kuwa mpaka wa makoloni mawili, na ndugu wa hadithi wakawa raia wa serikali mbili. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kijerumani walifika kwa Wanyakyusa, na sala zikaanza kuelekezwa mahali pengine. Baada ya uhuru Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, mwaka 1963. Ng'ambo ya Songwe, mwenye cheo cha Kyungu ni chifu mkuu anayetambuliwa na serikali ya Malawi hadi sasa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kazi za mikono ya binadamu za kabla ya 1863. Mti uliopandwa malafyale alipotawazwa ni kazi ya mkono kama ukuta wa Kilwa, nami naona haki yake ni ileile. Msitu wa Lubaga upimwe mipaka, majina ya waliokaa cheo cha Lwembe yaandikwe kwa utaratibu kutoka kwa koo zinazoyashika, na watoto wa Kyela wafundishwe historia hii darasani pamoja na ile ya pwani.