Maili moja ya senti kumi kumi

Mwishoni mwa miaka ya 1930, kwenye kona ya barabara ya 39 na South Parkway, katika eneo la South Side, kusini mwa Chicago, msichana mmoja alikuwa akisimama na kopo mkononi akiwaomba wapita njia senti kumi. Alikuwa mchoraji, umri wake miaka ishirini na kitu. Ndiye Margaret Burroughs.

Harambee ile iliitwa Maili ya Senti Kumi, na lengo lilikuwa kukusanya sarafu ambazo zikipangwa zikigusana zingetimia maili nzima. Ukipiga hesabu, hizo ni sarafu kama 90,000, au dola 9,000 hivi. Si haba, ukikumbuka kwamba wengi wa walioombwa walikuwa Weusi waliohamia kutoka majimbo ya Kusini, na ukata wa miaka ile ulikuwa haujawaachia.

Wakati huo serikali ya Rais Roosevelt, kupitia WPA, mradi wake wa kuwapa kazi wasio na ajira, ilikuwa ikifungua vituo vya sanaa zaidi ya 100 nchini Marekani. Mishahara ya walimu na gharama za ukarabati ilizibeba yenyewe, ila jengo wenyeji wajitafutie. Ndiyo sababu ya harambee ile, na mwaka 1940 wenyeji wa South Side wakanunua jumba la zamani la tajiri wa nafaka, namba 3831 South Michigan Avenue. Tarehe 7 Mei 1941 mke wa rais, Eleanor Roosevelt, akaja kulizindua.

Hapo vijana wakapata pa kufanyia kazi. Mpiga picha Gordon Parks alipewa chumba cha giza cha kusafishia picha chini kabisa ya jengo. Akazunguka mitaa ya South Side na kamera yake, na kazi hiyo ikampatia ufadhili wa mfuko wa Rosenwald. Darasa la ushairi lilifundishwa na Inez Cunningham Stark, mama wa Kizungu kutoka upande wa matajiri. Mmoja wa wanafunzi wake, Gwendolyn Brooks, mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pulitzer.

Mwaka 1943 WPA ikafungwa na fedha za serikali zikakatika. Vituo vingi vikafa. Cha South Side kilibaki, na siri haikuwa kubwa: nyumba ilikuwa yao. Waliendelea kuchangishana, mara kwa dansi, mara kwa minada ya picha. Burroughs naye hakutulia. Mwaka 1961, akishirikiana na wenzake, alianzisha makumbusho ya historia ya Weusi nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara kutoka kituoni. Leo ni makumbusho ya DuSable.

Kituo bado kiko palepale. Ukumbi wa chini una kuta za mbao zilizowekwa wakati wa ukarabati ule wa mwanzo, na ukizisogelea utaona vitundu vya misumari, vingi visivyohesabika, vilivyoachwa na kila aliyewahi kutundika picha yake hapo.