Taruma

Mbavu za chombo, zile mbao zinazopanda kutoka kwenye mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) hadi ukingoni, mafundi wa majahazi huziita mataruma. Abiria wa treni analijua neno hilohilo kwa maana nyingine: vipande vya mbao, chuma au zege vinavyolaliwa na reli.

Katika uundaji wa boti ndogo za maonyesho, neno hili lina kazi. Mfano mzuri ni PT-109, boti ya doria ya Marekani iliyoongozwa na John F. Kennedy na kukatwa vipande viwili na manowari ya Kijapani, Amagiri, tarehe 2 Agosti 1943 katika Visiwa vya Solomon. Boti halisi ilikuwa na urefu wa futi 80. Kwa kipimo cha 1:35, inabaki kama sentimita 70.

Anayeiunda kwa mbao hukata mataruma ya plaiwudi, huyasimamisha juu ya mkuku, kisha huyapiga msasa kingo zake ili mbao nyembamba za ubavuni zilale vizuri. Taruma moja likizidi milimita moja tu, ubavu unatoa nundu ambayo rangi haiifichi. Anayenunua boti ya plastiki hukuta ubavu umeshafinyangwa; mataruma hayaoni kabisa.

Halafu, boti ikishaundwa na kupakwa rangi, kuna suala la kuigiza kutu. Wengi huichora ubavuni kama kwenye meli za chuma, ilhali PT-109 ilifunikwa mbao za mkangazi. Kutu yake iwekwe kwenye nanga, minyororo na mizinga.